Kumpokea Paka Aliyeokolewa: Majuma ya Kwanza Nyumbani

Paka aliyeokotwa chini ya meza ya muuza samaki sokoni Kibuye mjini Kisumu, au aliyeachwa kwenye ploti wapangaji walipohama, huingia katika nyumba mpya akiwa amekwisha kupoteza kitu ambacho sisi binadamu hatukioni, nacho ni harufu ya mahali pake. Paka huujua ulimwengu kwa pua kabla ya kuujua kwa macho. Ana tezi mashavuni, kidevuni na katikati ya vidole vya nyayo zake, na kila anapojisugua kwenye mguu wa meza au kukwaruza gunia, huacha alama inayomwambia kwamba hapo amewahi kufika na hakupatwa na baya. Ukimhamisha, alama zote hizo zinapotea kwa siku moja. Kazi ya anayempokea, kwa hiyo, si kumfanya apende watu upesi. Kazi yake ni kumpa nafasi ndogo na tulivu ambayo ataweza kuijaza harufu yake mwenyewe, kisha kuipanua nafasi hiyo kidogo kidogo kadiri paka anavyoonyesha kwamba yuko tayari.

Jambo hili nililijua kwa gharama. Paka wangu wa kwanza nilimchukua kutoka ploti moja mtaani Migosi, hapa Kisumu, baada ya watu waliomlea kuhama na kumwacha akilia mlangoni pa nyumba tupu. Alikuwa jike mwenye rangi ya majivu na mistari myeusi. Kwa siku tatu alikaa nyuma ya kabati, na siku ya nne alipokula sahani nzima nilidhani amezoea, nikauacha mlango wa nyuma wazi huku nikifua. Alasiri hiyo mvua ilipiga mabati ghafla kama inavyopiga Kisumu, radi ikafuata, naye akapita miguuni pangu na kutokomea. Tulimtafuta usiku tano. Usiku wa sita macho yake yaling'aa kwenye mwanga wa tochi chini ya jukwaa la tangi la maji, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakuwa amekwenda mbali hata kidogo, ila hofu ilikuwa imemziba kinywa kiasi kwamba hakuweza kuitikia sauti aliyokuwa ameanza kuizoea. Tangu wakati huo nimewapokea paka wengine wanne, na hakuna hata mmoja niliyemfungulia mlango kabla ya wakati wake.

Tumezoea kusema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa paka hesabu hiyo ni fupi mno. Wanaopokea paka waliookolewa hukadiria siku tatu za kupoa kwa hofu ya kwanza, majuma matatu ya kuzijua desturi za nyumba, na miezi mitatu ya kujihisi mwenyeji. Ni kadirio tu. Paka aliyelelewa na watu tangu utotoni anaweza kulala mapajani mwako jioni ya pili, ilhali yule ambaye hakushikwa na mtu alipokuwa na umri wa kati ya majuma mawili na saba, kipindi ambacho mtoto wa paka hujifunza nani wa kumwamini, anaweza kuhitaji mwaka mzima, na pengine asikubali kamwe kubebwa.

Siku ya safari

Wengi wetu tulikua tukiona paka akihamishwa ndani ya gunia, na wengine wakilizungusha gunia hilo njiani ili asahau njia ya kurudi kwao. Desturi hiyo iachwe. Haimsahaulishi njia. Inachofanya ni kumfikisha kwako akiwa amehema kwa joto, amejikojolea, na amekwisha kufungamanisha harufu ya mikono yako na dakika mbaya kuliko zote za maisha yake. Tena Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu.

Ikiwa huna kijumba cha kubebea paka, katoni ngumu iliyotobolewa matundu mengi ubavuni na kufungwa kwa kamba pande zote mbili inatosha, na kikapu chenye mfuniko kinatosha pia. Ndani yake weka kitambaa alichokuwa akilalia huko alikotoka, hata kama ni kichafu, kwa maana uchafu huo ndio utakaokuwa kitu pekee anachokitambua atakapofika. Funika kwa leso nyepesi ili asione magari. Safiri asubuhi na mapema, kwa sababu joto la Kisumu saa saba mchana ndani ya tuktuk iliyokwama Kondele linaweza kumdhuru mnyama aliyefungiwa, na ukiwa kwenye matatu mweke mapajani wala si chini ya kiti karibu na injini. Bodaboda ni ya mwisho kabisa kufikiriwa. Ikibidi, katoni ibebwe na abiria kifuani, isifungwe nyuma kama mzigo wa mkaa.

Chumba kimoja

Chagua chumba kimoja kabla paka hajafika, na chumba hicho kiwe ndicho ulimwengu wake wote kwa siku tatu hadi juma zima. Chumba cha kulala kisichopitwapitwa ndicho kizuri. Jiko halifai, na sebule yenye televisheni na wageni haifai. Kabla ya kumfungulia katoni, pita chumba kizima ukiwa umepiga magoti, ukitazama kwa kimo chake. Nyumba zetu nyingi za kupanga hazina dari, na pale ukuta unapokutana na mabati huachwa mwanya ambao mtu hauoni kuwa ni kitu, lakini paka aliyeruka juu ya kabati ataupita kwa sekunde moja, kwa kuwa mahali penye kupitisha kichwa chake aghalabu hupitisha na mwili wake. Ziba mwanya huo kwa magunia yaliyokunjwa au kipande cha mbao. Vyuma vya dirisha huzuia mwizi tu, basi dirisha lifungwe au liwekwe wavu. Ondoa nyuzi, sindano na raba za kufungia nywele, ambazo paka hupenda kuzimeza na ambazo huweza kuyafunga matumbo yake.

Mahitaji ya chumba ni machache. Katoni iliyolazwa ubavu na kuwekwa kitambaa ni maficho yake, nayo ni muhimu kuliko kitanda chochote cha kununua. Paka mwenye mahali pa kujificha hutulia haraka kuliko asiye na mahali hapo. Ukiweza, mpatie pia sehemu ya juu ya kupanda, kama vile kiti kilichosogezwa karibu na kabati. Maji yawe bakulini upande mmoja, chakula mbali kidogo na maji, na karai la mchanga liwe kona ya upande wa pili, kwa maana hakuna paka anayependa kwenda haja karibu na anapokula. Mchanga mkavu wa ujenzi, wenye kina cha sentimita tatu hadi tano, unafaa kabisa na bei yake ni ndogo. Unga wa mbao usiotiwa dawa unafaa pia, ingawa hunata kwenye nyayo na kusambaa. Majivu usiyatumie, kwani vumbi lake huwasha macho na mapafu.

Msomaji wa Nakuru aongeze blanketi. Mji huo uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko kama mita 1,130, na mtoto wa paka aliyechukuliwa ufukweni Dunga atauhisi usiku wa Lanet vikali sana. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo na kuwekwa ndani ya katoni humfaa, mradi awe na nafasi ya kujisogeza mbali nayo. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu huua kiumbe mdogo kabla ya mkubwa.

Ukishamfikisha, weka katoni ya safari sakafuni, ifungue, kaa kimya dakika chache, kisha toka. Usimwinamishie katoni wala kumvuta. Watoto wa nyumba watakuwa mlangoni wakitaka kumwona, na hapa ndipo mlezi anapaswa kuwa imara: mgeni ataonekana kesho, au keshokutwa, au siku atakayotaka mwenyewe.

Kumzoeza watu

Siku mbili za kwanza huenda usimwone kabisa, ukawa unajua kwamba yupo kwa sababu tu sahani imepungua usiku na mchanga umefukuliwa. Hali hiyo ni ya kawaida na haihitaji tiba. Kinachohitajika ni ratiba: ingia chumbani saa zile zile kila siku, ongea kwa sauti ya chini, badilisha maji, safisha karai, weka chakula, kisha keti sakafuni ukiwa umempa ubavu na si uso. Kutazamwa usoni bila kupepesa ni tishio kwa paka. Akikuangalia, fumba macho polepole, yafumbue polepole, kisha tazama kando. Akikujibu kwa kufumba yake, amekuambia kwamba haoni hatari kwako. Unaweza kusoma gazeti kwa sauti, kufanyia hesabu za duka hapo hapo, au kuombea hapo sala zako za jioni. Mimi nilisahihishia madaftari ya wanafunzi sakafuni kwa juma zima, na siku ya saba paka alikuja kulala juu ya rundo la yale niliyokuwa nimekwisha kuyasahihisha.

Anapokaribia, nyosha kidole kimoja katika kimo cha pua yake na usubiri. Akinusa kisha akasugua shavu lake kwenye kidole, unaweza kumkuna shavuni na chini ya kidevu, mara mbili au tatu, kisha uache. Kuacha mapema ndiko kunakomfanya arudi. Tumbo usiliguse hata akilala chali, kwa kuwa kulala chali kwa paka ni kuonyesha kwamba ametulia na si kuomba kushikwa. Masikio yakilala nyuma, mkia ukianza kupiga sakafu au mboni za macho zikipanuka hadi jicho likawa jeusi tupu, mwache. Na usidhani kwamba kukoroma kwake, ule mngurumo laini wa kooni, kunamaanisha raha kila mara, maana paka mwenye maumivu naye hukoroma kwa namna ile ile, hivyo ni lazima kutazama mwili mzima: je, anakula, anajilamba manyoya, anatembea bila kuchechemea?

Sauti za nyumba zifike kwake zikiwa zimepunguzwa. Sikio la binadamu hukoma kwenye mawimbi ya kilohezi 20 hivi, la paka hupita 60, na kelele ya mvua juu ya mabati ambayo sisi tumeizoea tangu utotoni ni kishindo cha kutisha kwa paka ambaye maisha yake yote yalikuwa chini ya meza za sokoni. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mwekee katoni yake mbali na ukuta wa nje, uifunike kwa blanketi zito, na mvua inapoanza keti naye chumbani bila kumshika.

Chakula, na habari ya omena

Kwa siku za mwanzo mpe kile alichokuwa akila, hata kama si chakula unachokitaka, kisha ukibadilishe taratibu kwa muda wa juma moja, kwa sababu tumbo lenye hofu huharisha kwa urahisi. Jambo la kuangalia kwa makini ni kutokula. Paka mzima asiyegusa chakula kwa siku nzima apigiwe simu daktari wa mifugo. Akifikisha siku ya pili, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili huanza kujaa kwenye ini na kumtia katika hatari ya kifo. Mtoto wa paka hana hata akiba hiyo, na nusu siku bila chakula inatosha kumpeleka kwa daktari. Chakula kilichopashwa moto kidogo hunukia zaidi, na mara nyingi harufu hiyo ndiyo inayomtoa mafichoni.

Mama mmoja anayeniuzia omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, huyo mpe omena tu, paka na samaki ni ndugu." Ni imani iliyoenea kote kandokando ya ziwa, na ina ukweli nusu. Omena ni rahisi kupatikana na ina protini nyingi. Hata hivyo, paka anayelishwa samaki peke yake kwa miezi mingi hupungukiwa na vitamini E, na mafuta ya mwili wake yanaweza kuvimba na kuuma hata akalia akiguswa. Aina kadhaa za samaki wabichi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ambayo ukosefu wake humfanya paka ayumbe na kupata kifafa. Moto hukivunja kimeng'enya hicho, kwa hiyo samaki wachemshwe daima. Omena ya sokoni, ambayo aghalabu hukaushwa chini ufukweni, ioshwe mara tatu au nne hadi mchanga uishe, ichemshwe bila chumvi, na iwe mlo wa mara mbili au tatu kwa juma.

Siku nyingine nunua vipande ambavyo mwenye bucha huviuza kwa bei nafuu: moyo wa ng'ombe, matumbo yaliyooshwa, nyama ya kichwa, firigisi za kuku. Moyo una taurini kwa wingi, na taurini ndiyo inayomfanya paka asiishi kwa ugali na mchuzi. Mwili wa mbwa hujitengenezea kirutubisho hicho. Wa paka hautengenezi cha kutosha, na anayekikosa hudhoofika misuli ya moyo na kupofuka polepole bila mwenyewe kujua sababu. Maini ni mazuri kwa kiasi kidogo, mara moja kwa juma, kwa maana vitamini A yake ikizidi hukaza mifupa ya shingo na uti wa mgongo. Mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayouzwa baada ya minofu kuondolewa, uchemshwe, nyama yake idondolewe kwa vidole, na mifupa itupwe mahali ambapo paka hafiki. Mfupa uliokaangwa huvunjika kama kioo na kuchoma koo. Chakula cha paka cha dukani kinachotaja kwamba ni kamili kwa paka kinaweza kuchukua nafasi ya haya yote kwa mwenye uwezo.

Vitu viwili tunavyowapa paka kwa upendo vinawadhuru. Cha kwanza ni mabaki ya mchuzi, kwa kuwa vitunguu, vya maji na saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu yao. Cha pili ni maziwa, kwani paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari ya maziwa nao huharisha. Ampendaye paka ampe maji. Paka wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 kwa siku, yakiwemo yaliyo ndani ya chakula chake, na katika joto la kandokando ya ziwa ni vyema kuongeza mchuzi mtupu wa nyama aliyochemshiwa.

Afya, viroboto na dawa zinazoua

Katika juma la kwanza, paka akishaanza kula, apelekwe kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Atapimwa minyoo, ataangaliwa masikio na meno, na atapangiwa chanjo. Chanjo za mafua na homa ya matumbo ya paka huanza katika umri wa juma la nane hivi na kurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi juma la kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na hiyo isiachwe kwa kisingizio chochote. Jina la ugonjwa huo limewafanya wengi waamini kwamba paka hahusiki. Anahusika kikamilifu, na Kenya ina mpango wa taifa wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza. Paka asiyejulikana historia yake akikung'ata au kukukwaruza hadi damu ikatoka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo, huku paka mwenyewe akifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10.

Kuhusu viroboto naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wenye huruma wamewaua paka wao kwa mikono yao. Dawa za unga na za kuogeshea mbwa na ng'ombe zinazouzwa katika maduka ya agroveti mara nyingi huwa na permethrini au amitrazi, majina ambayo kwenye kopo huandikwa bila ile irabu ya mwisho. Permethrini ilitengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya pareto, ua lililoupa mji wa Nakuru sifa na ajira kwa miongo mingi, na ini la paka haliwezi kuivunja. Paka aliyepakwa hutetemeka, hukakamaa na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Usikubali kuambiwa kwamba atapakwa kidogo tu. Nunua dawa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya paka, kwa uzito wa paka wako, na kwa mtoto wa chini ya majuma manane tumia kitana chenye meno ya karibu, ukikichovya kwenye maji ya sabuni kila mpito ili viroboto wazame. Nalo blanketi lake lifuliwe kwa maji ya moto, kwa kuwa mayai na mabuu ya viroboto hukaa kwenye matandiko na nyufa za sakafu zaidi ya wanavyokaa kwenye mwili. Fua blanketi hilo peke yake na uache kitambaa kingine bila kufuliwa, ili asipoteze harufu yake yote kwa mara moja.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine, huua paka kwa kidonge kimoja. Dawa yoyote ya kabati la binadamu isimguse.

Mabaka ya duara yasiyo na manyoya huenda yakawa choa, ambacho wengi hukiita mashilingi, nacho huwaambukiza watoto, kwa hiyo wasimkumbatie hadi daktari amwone. Mama mjamzito asisafishe karai la mchanga. Mwingine alisafishe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma vilivyomo katika kinyesi cha paka aliyeambukizwa huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, na karai linaloondolewa uchafu kila asubuhi haliwapi muda huo. Si lazima paka afukuzwe nyumbani kwa ajili ya mimba. Na ukimwona paka dume akiingia karaini mara kwa mara, akijikamua bila mkojo kutoka, usisubiri kesho, maana njia ya mkojo iliyoziba huua katika muda wa siku moja au mbili.

Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba yenyewe huchukua majuma tisa. Kumfunga kizazi jike na kumhasi dume kunawezekana kati ya mwezi wa nne na wa sita, na ndiko kunakopunguza idadi ya watoto wa paka wanaotupwa karibu na masoko yetu. Ukimkuta paka wa mtaani ambaye ncha ya sikio lake imekatwa kwa mstari ulionyooka, huenda amekwisha kufanyiwa upasuaji huo.

Wenyeji wengine wa nyumba

Kama una paka mwingine, wasionane kwa juma la kwanza. Wajuane kwanza kwa harufu: badilishaneni vitambaa vya kulalia, kisha wawe wanalishwa pande mbili za mlango uliofungwa, bakuli zikisogezwa karibu siku baada ya siku. Mlango ukifunguliwa, uwe mwanya mdogo kwa dakika chache. Karai ziwe tatu kwa paka wawili. Mbwa afungwe kamba kila wanapokutana, hata akiwa mpole, na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia. Katika boma lenye kuku, vifaranga wafungiwe tunduni kwa miezi ya mwanzo. Paka wengi humwogopa kuku mzima na kumheshimu, lakini kifaranga kinachokimbia ni windo machoni pake, na kumpiga kwa kosa hilo kutamfunza kukuogopa wewe tu.

Siku ya kumfungulia mlango

Chumba kimoja kikishajaa harufu yake, na akawa anakusubiri mlangoni mkia ukiwa wima, mfungulie nyumba nzima jioni wakati watu wametulia. Nje ni habari nyingine, nayo ingoje majuma matatu au manne tangu afike, awe amechanjwa, na ikiwezekana awe amefungwa kizazi. Kabla ya siku hiyo, tembelea majirani wa ploti mmoja mmoja. Waonyeshe paka au picha yake, na uwaulize kwa heshima kama wanatega sumu ya panya, kwa sababu paka anaweza kufa kwa kula panya aliyekula sumu, si kwa kuila mwenyewe tu. Baadhi ya sumu huzuia damu kuganda na dalili hutokea siku kadhaa baadaye, ilhali zile za pakiti zisizo na maandishi zinazochuuzwa njiani huweza kumtoa povu na kumtetemesha kwa dakika chache. Majirani wangu wawili waliacha kuitumia nilipowaeleza kwamba paka mwenyewe atawasaidia kazi hiyo, nao hadi leo humwita kwa jina.

Tangu wiki ya kwanza uwe ukigonga bakuli lake kwa kijiko kabla ya kila mlo, ili mlio huo uwe na maana moja tu masikioni mwake. Siku ya kwanza ya kutoka, chagua jioni kavu, nusu saa kabla ya chakula chake, akiwa na njaa. Fungua mlango, keti kizingitini, usimbebe wala kumsukuma. Acha mlango wazi nyuma yake ili aone njia ya kurudi. Paka wangu yule wa Migosi, tulipompata na kuanza upya chumba kimoja kwa majuma manne, alisimama kizingitini akinusa upepo kwa muda mrefu, akashuka ngazi mbili, akasugua shavu kwenye ndoo ya kufulia, na nilipogonga bakuli akageuka na kuingia ndani. Dakika 10 zilitosha kwa siku hiyo. Kesho yake zikawa 15, na baada ya majuma mawili alikuwa akizunguka uwanja mzima na kurudi kabla ya giza, wakati ambapo mlango hufungwa na yeye hulala ndani hadi asubuhi.

Ikitokea akapotea kama alivyopotea wangu, usianze kwa kuzunguka mtaa mzima ukiita. Anza kwa mita chache kuzunguka mlango wako, usiku watu wanapokwisha kulala, ukimulika tochi chini ya matangi, magari, mabanda na marundo ya mbao. Weka kitambaa chake cha kulalia mlangoni, acha bakuli la omena iliyochemshwa kando yake, na ukimwona usimkimbilie: keti chini hapo ulipo, gonga bakuli, na umsubiri.